Namba Tano Ilivyopendelewa

Kila jioni baada ya shule, Ketura alikuwa na adui mmoja tu: sufuria ya maharage. Watoto wengine wa Maliba walipokuwa wakicheza, yeye alikaa jikoni akipuliza moto, machozi yakimtiririka kwa moshi, na maharage yamegoma kuiva. Yalikuwa magumu hayo, jamani! Ungemrushia mbuzi harage moja, angekimbia.

Basi mwaka 2014, bibi shamba Loyi alimletea mama yake Ketura, Mariat, aina sita mpya za maharage. Alitaka kujua ni ipi inayozaa vizuri kila mahali, mvua ije isije. Ndiyo maana mbegu zilezile zilipandwa pia mahali pengine, Bwera. Kila aina ilipewa kijishamba chake chenye kibao cha namba, na zote zilipaswa kutunzwa sawasawa. Aina itakayoshinda ndiyo ambayo Mama Mariat na wanawake wa kikundi chake wangeipanda katika mashamba yao yote. Ketura alipewa kazi ya kupalilia.

Siku ya kupanda, Loyi alichemsha konzi moja ya kila aina ili watu waonje. Namba tano iliiva kwanza, wageni hata hawajamaliza kusalimiana. Ketura akaona mkombozi wake amefika.

Tangu hapo namba tano ililelewa kama mtoto wa pekee. Kila asubuhi Ketura aliichotea samadi kwenye zizi la mbuzi, na mvua ilipokatika aliinywesha maji ya kuoshea vyombo. Namba sita ilipotandaza majani yake upande ule, aliyasukuma huku akiyagombeza.

Siku ya mavuno Loyi alikuja na mizani. Namba tano ilikuwa imezaa mara mbili ya zile nyingine! Wanawake wakapiga vigelegele. Lakini Loyi alikuna kichwa. Kule Bwera, alisema, namba tano ilikuwa ya mwisho, maana jua lilipozidi maua yake yalipukutika. Labda udongo wa Maliba ulikuwa umeipenda. Mama Mariat hakutaka kusikia zaidi. Alitangaza kwamba msimu ujao atapanda namba tano shamba zima, mpaka nyuma ya choo.

Lakini Ketura alijua vizuri kwamba si udongo ulioipenda namba tano, ni yeye. Samadi ya mbuzi wanne ingetosha wapi kwa mashamba yote yale? Jua likiwaka, nyumbani kwao wangelala njaa, na kikundi kizima pia. Akinyamaza, hakuna atakayejua, kwani mbuzi hawasemi. Lakini alipomtazama mama yake anavyofurahi, aliona aibu kubwa.

"Mama, namba tano niliipa samadi," alisema polepole. "Na maji. Zile nyingine sikuzipa."

Vigelegele vilikatika.

"Kwa nini, mwanangu?" mama akauliza.

"Inaiva upesi."

Mwanamke mmoja akaangua kicheko, wenzake wakamfuata, kwa sababu hapakuwa na hata mmoja ambaye hakuwahi kulia kwa moshi wa maharage. Mama Mariat alijitahidi kukasirika, akashindwa.

Loyi aliyafuta matokeo ya namba tano katika daftari lake, akasema majaribio yatarudiwa msimu ujao. Halafu akawakumbusha kuloweka maharage tangu jana yake, nayo hayatawasumbua jikoni. Mwishowe akamgeukia Ketura.

"Binti yangu, shamba la majaribio ni shahidi," alisema. "Ukimhonga, atakuambia unachopenda kusikia, nawe utamwamini mpaka siku utakapokosa chakula. Leo umesema kweli mbele ya watu wazima, ukijiaibisha mwenyewe. Mbegu nzuri nitazitafuta mimi, lakini mtu mkweli wa kuzipima ndiye adimu. Msimu ujao, daftari la vijishamba hivi utalishika wewe."