Kondoo wa Mke Mwenza

Moshi ulitoka upande wa kushoto wa lango, na upande ule hapakuwa na nyumba.

Naisenya alisimama na kibuyu cha kukamulia mkononi, akanusa tena. Moto wake mwenyewe alikuwa bado hajaufukua majivuni. Akajiambia ni ukungu tu. Kule juu Nainokanoka ukungu wa asubuhi huzoa harufu za majirani na kuzimwaga popote. Akaenda kukamua. Lakini alikamua akiwa amempa ng'ombe uso na lango kisogo, maana hakutaka kupatazama mahali pale.

Mke wa kwanza hujenga kulia kwa lango, wa pili hujenga kushoto. Tobiko alikuwa na mke mmoja, Naisenya, na binti mmoja mdogo, Sinyati. Nafasi ya kushoto ilikuwa tupu, na Naisenya aliichukia kama mtu. Alianika shuka pale, alifunga ndama pale, alirundika kuni pale hata zile alizozihitaji upande wa pili. Mama mkwe wake, Resiato, aliyeitwa yeyo, yaani mama, alimtania kila siku.

"Mama Sinyati, hapo unamzuia nani? Hata posa bado."

"Nazuia mbwa, yeyo."

Wenzake huanza wivu wakishamwona mke mwenza. Naisenya alianza na kiwanja chake.

Kiangazi kile malisho ya chini yalikwisha, na Tobiko akawa anapandisha mifugo kwenye nyasi za juu, kwenye ziwa dogo. Maziwa mengi ya nchi ile ni ya magadi, ng'ombe huyalamba tu kingoni. Hili lilikuwa la maji matamu, meusi na matulivu, yamezungukwa na matete. Kando yake watu waliwahi kuishi. Wengine husema ni Wamang'ati, wengine husema ni waliokuwepo kabla ya hao Wamang'ati. Waliacha maduara ya mawe yaliyokuwa kuta za nyumba, jiwe la kusagia lililolika katikati, na mafiga matatu ambayo bado yalikuwa na masizi, ingawa yamenyeshewa na mvua ambazo hakuna ajuaye idadi yake. Wachungaji hunywesha pale na kuondoka. Hawakai ndani ya nyumba ya mtu, hata iwe imebaki mawe.

Tobiko alikaa. Upepo wa juu unakata, na ndani ya duara palikuwa na joto. Akaegemea mafiga, akalala.

Tangu siku hiyo akawa anarudi nyumbani ameshiba. Naisenya alimtengea maziwa, naye akayaonja kwa adabu na kuyarudisha. Uji akausukuma pembeni. Wala hakuwa mgonjwa. Alikuwa na utulivu wa mwanamume aliyetoka kutunzwa, na utulivu huo ndio uliomchoma mkewe. Jioni moja alipoinama kumpokea fimbo, akainusa pumzi yake. Kila mwanamke hufukiza vibuyu vyake kwa mkaa wa mti anaoujua, na mume huijua ladha ya nyumba yake hata gizani. Vya Naisenya vilikuwa vya mzeituni mwitu. Pumzi ya Tobiko ilinuka maziwa yaliyofukizwa kwa matete.

"Baba Sinyati, umekunywa kwa nani?"

"Sijanywa kwa mtu. Kule kuna mtu gani?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

"Kuna mawe, mama. Nililala kwenye mawe, nikaota napikiwa." Akacheka kidogo. "Labda ni hayo mawe."

Naisenya angenyamaza hapo, pengine hadithi hii isingekuwepo. Lakini neno kupikiwa lilimwingia Naisenya kama mwiba wa mgunga, na mwenye wivu akichomwa hutafuta pa kuchoma. Akasema kwa sauti ya mzaha, sauti isiyo ya mzaha hata kidogo:

"Basi huyo mkeo wa ziwani asikae bila zawadi. Mpelekee kondoo wangu, yule mwenye doa jeusi machoni. Mwambie nimempa. Aniite Paker."

Kwa watu wale neno hilo si dogo. Mke mpya akiingia bomani, aliyemtangulia humpa mnyama, na tangu siku hiyo wawili hao hawaitani tena kwa majina yao. Kama ni ng'ombe, wataitana kwa ng'ombe. Kama ni kondoo, wataitana Paker, huyu amwite yule na yule amwite huyu, mpaka kifo. Ndivyo mke mwenza anavyopokewa. Hakuna karatasi wala shahidi; ni mnyama na jina.

Resiato aliyasikia kutoka mlangoni. "Usitoe mnyama kwa mdomo," alimwambia mkwewe kwa sauti ya chini. Naisenya akasonya.

Kesho yake, siku ya moshi ule wa kwanza, kondoo mwenye doa jeusi hakurudi. Tobiko alieleza bila kumtazama mtu. Alisema kondoo aliliacha kundi, akapita kwenye matete, akaingia majini taratibu kama aliyeitwa na mtu anayemfahamu, na maji hayakuruka.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba Naisenya aliwakamua ng'ombe kwa kupapasa. Moshi ulikuwepo tena kushoto, wa matete mabichi. Kisha sauti ya mwanamke, ya upole, ikamwamkia kama wanawake wanavyoamkiwa:

"Takwenya."

"Iko," Naisenya akaitika, kwa sababu kinywa kilichozoea hakingoji akili.

"Paker, niazime moto."

Kibuyu kilimtoka. Pale bomani hapakuwa na mtu wa kumwita Paker, kwa sababu hakuwahi kumpa mtu kondoo, si shemeji, si wifi, si jirani, na wakati anazipanga sura hizo zote kichwani ili apate mmoja tu ambaye anaweza kuwa ndiye, akakumbuka jioni ile na doa jeusi na mdomo wake mwenyewe, na maziwa yaliyomwagika yakamfikia nyayoni yakiwa na joto, na ukungu ukasogea kidogo upande wa kushoto akaona kuni zake zote zimepangwa upya, vizuri kuliko alivyozipanga yeye, na nyasi zimelala kwa duara, ukubwa wa nyumba.

Watu wa Karatu mjini wangesema jini. Pale bomani hawakumpa jina, kwa kuwa jina alikwishapewa.

Mtu mwingine angekimbia. Naisenya aliogopa, lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kikali zaidi. Huyu anampikia mume wangu. Aliikokota ngozi yake ya kulalia, akaenda kukaa katikati ya duara lile la nyasi, akashinda pale na mtoto mgongoni, kama mtu anayelinda shamba lisiingiliwe.

Haikusaidia. Tobiko alizidi kukonda. Mbavu zake zilihesabika, na bado alisema ameshiba. Aliacha kumwita mwanawe kwa jina. Kila alipofika langoni jioni alisita, akageuza uso kushoto, na Naisenya alimwona akivuta pumzi kama anayesikia chakula kinaiva. Hapo ndipo alipoelewa kwamba siku moja miguu itafuata uso, na kwamba kule anakopikiwa hakuna chakula, kuna maji.

Resiato ndiye aliyempigia simu Metui, laiboni wa Kakesio, mganga na mpiga ramli. Alikuja kwa pikipiki, mzee mwembamba mwenye koti la mvua, vumbi mpaka kwenye nyusi. Naisenya akainamisha kichwa, mzee akakigusa kwa salamu. Hakumwaga vijiwe vyake vya ramli wala hakuuliza habari za ziwa.

"Nani alitoa mnyama?" aliuliza.

Tobiko alitazama mikono yake.

"Mimi," Naisenya akasema. "Lakini ilikuwa maneno tu, baba. Nilikuwa na hasira."

"Hasira haina kondoo. Wewe ulikuwa naye." Metui akatikisa kichwa. "Alikuwa anakaa kwenye mawe yake, mpweke, anampikia mpita njia kwa upweke wake. Mumeo angeacha kulala pale, ingekwisha. Wewe ndiye uliyemwoza."

"Nimnyang'anye vipi?"

"Zawadi hainyang'anywi. Mpaka arudishe mwenyewe. Twende ukamwombe."

Kumwomba. Naisenya hakulitaka neno hilo. Angeweza kumpiga mwanamke yule, angeweza kumtukana mpaka jua lizame. Kumwomba ni kukubali kwamba yupo. Alimtazama mumewe, shingo yake iliyokuwa imebaki mishipa, akajifunga shuka.

Walifika ziwani alasiri, ukungu unashuka kutoka kilimani. Metui alibaki nje ya duara na Tobiko, amemshika mkono kwa nguvu. Naisenya aliingia peke yake. Mafiga yalikuwa na joto. Juu ya jiwe la kusagia palikuwa na unyevu, kama pamefutwa sasa hivi na mtu aliyesikia wageni wanakuja.

"Paker," aliita, na neno lilimtia uchungu. "Nilikupa bila moyo. Nilikupa ili nimuumize mume wangu. Kitu cha namna hiyo si zawadi, ni tusi. Nakuomba unirudishie tusi langu."

Ziwa likatulia, na matete yakaacha kusugua, na hata kengele za ng'ombe kule mbali zikanyamaza zote kwa pamoja, na katika ukimya ule akasikia kando yake, karibu kabisa, mwanamke akipumua kwa kukatakata kama anayelia asitake kusikika, na akajua kilio kile, kwa maana alikuwa amekilia yeye mwenyewe, akiitazama nafasi ya kushoto. Kwa muda mfupi alimhurumia. Kisha matete yakafunguka, na kondoo mwenye doa jeusi akatoka majini, amelowa, na manyoya yake yananuka moshi.

Metui alimchinja palepale, wakaiacha nyama yote juu ya mafiga, hawakuonja. Njiani kurudi mzee alisema jambo moja tu.

"Amerudisha. Amerudi mwenyewe kwenye mawe yake. Sasa wewe, mama, usimtaje, na usimwulizie. Kumwulizia mtu ni kumkaribisha."

"Sitamwulizia."

"Utajua siku ukiwa na wivu," Metui akasema.

Mvua zilikuja. Tobiko alianza kula, kwanza uji, baadaye nyama, na mashavu yakarudi. Alimwita Sinyati kwa jina, akamrusha juu, mtoto akacheka. Hakupanda tena ziwani. Upande wa kushoto nyasi zilisimama, na Naisenya akaziacha zikue. Hakuanika kitu pale wala kufunga ndama. Resiato alisema mkwewe amepona ugonjwa wa kiwanja. Naye Naisenya alikuwa na furaha ya kweli, furaha ya mtu aliyepewa mali yake mara ya pili.

Kisha Tobiko akaenda mnadani Karatu na mbuzi wawili. Alilala huko kwa ndugu yake, na jioni ya pili akarudi na sukari, na kanga ya mkewe, na moyo mweupe. Akaketi mbele ya nyumba, akavua katambuga zake, akanyoosha miguu. Jua lilikuwa halijazama bado. Naisenya alimpokea shuka ili aitundike, na shuka ilikuwa safi. Ilikuwa imefuliwa kwa sabuni ya unga, imekunjwa kwa mikunjo minne, na mikunjo ile haikuwa ya mkono wa mwanamume.

Ukweli ni mwepesi. Ilirukiwa na tope barabarani, na Katarina, mke wa huyo ndugu, akaifua pamoja na za watoto wake. Tobiko angelieleza jambo hilo kwa maneno matatu. Lakini wivu ni kupe. Unadhani umemng'oa, kumbe kichwa kimebaki ndani. Naisenya aliibana shuka puani, uso ukamwaka, na Metui na ziwa na ahadi yake vikamtoka vyote kichwani.

"Nani amekufulia shuka?"

Tobiko akafungua kinywa.

"Ni mimi, Paker," sauti ikajibu kwa upole kutoka kushoto kwa lango, na moshi wa matete ukaingia bomani. "Na leo ni zamu yangu."

Tobiko akafunga kinywa. Kisha akainama, akaanza kuvaa katambuga zake.