Waambie Wapime na Koo

"Hebu niambie ukweli. Mimi unanionaje, takataka?"

Baridi aliuliza akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, shati begani, mgongo kamgeuzia mwanamke. Ilikuwa Jumapili mchana, jua limejaa dirishani, na hamu yote iliyokuwa chumbani dakika chache nyuma ilikuwa imeshayeyuka. Jina la Baridi alipewa mtaani kwa sababu ya kutengeneza majokofu, lakini siku hiyo alikuwa amewaka kama pasi.

"Sijakuita takataka," alisema mwanamke huyo, mshonaji ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi.

"Umenipa plastiki niilambe."

"Siyo plastiki, ni mpira. Na unakaa kwangu, kati yako na mimi."

"Ndiyo hapo hapo! Kati yako na mimi. Umejisikia ulivyosema?"

Fundi alikiangalia kile kipande juu ya shuka. Alikuwa amekikata mwenyewe: kondomu mpya, ncha ikaondolewa, pete ya chini ikaondolewa, kisha mkasi ukapita ubavuni kutoka juu hadi chini, ikafunguka kama leso ndogo. Kwa mwanamke anayeshona magauni ya watu kila siku, hiyo haikuwa kazi. Kazi ilikuwa maneno. Kila mara maneno yale yale.

"Tangu siku ya kwanza nimekubali," Baridi aliendelea. "Nikasema ni woga wa mwanzo, tukizoeana utaacha. Miezi miwili na ushee hii. Hujanizoea?"

"Nilikueleza sababu."

"Ulinieleza habari za mume wako wa zamani. Mimi si yeye."

"Na mimi nikakwambia, twende tukapime wote wawili. Tukiwa salama, na tukabaki sisi tu, tutazungumza. Nikikwambia Jumatatu, una friji la mtu. Jumanne, una friji la mtu. Hayo mafriji hayaponi?"

Baridi alivaa shati, vifungo vikaenda upande.

"Mwanamke anayempenda mtu hamwekei ukuta," alisema, akatoka. Mlango aliufunga taratibu, na hilo ndilo lililomuumiza Fundi zaidi. Angeubamiza, angejua ni hasira tu.

Huyo mume wa zamani alikuwa ameapa kwa kila kiapo kwamba hajawahi kulala na mwanamke mwingine. Na kwa hesabu zake hakuwa anadanganya. "Ilikuwa mdomo tu," alisema mambo yalipoharibika. "Hapo mtu anapata nini?" Alipata kisonono, akakileta nyumbani. Kwa Fundi kilikaa kimya, kikapanda hadi kwenye mirija ya uzazi, na siku tumbo lilipomwangusha akalazwa. Daktari alimwambia kupata mtoto itakuwa shida. Mume akasikitika sana, kisha akaenda kuzaa kwingine. Fundi alikuwa na miaka thelathini wakati huo. Sasa alikuwa na thelathini na sita, na alikuwa amechoka kuombwa asiogope.

Jioni simu ikalia kwa ujumbe.

*Mimi si ugonjwa.*

Fundi aliandika, akafuta, akaandika tena.

*Sijasema wewe ni ugonjwa. Nimesema hatujui.*

*Mapenzi gani ya hatujui hatujui.*

Akaifunika simu kwa kitambaa. Angejibu nini ambacho hajakisema?

Siku mbili baadaye, dada yake Baridi alikuja dukani kwa Fundi kupima gauni la ofisini. Alisimama mbele ya kioo, Fundi amepiga magoti chini anaweka pini kwenye pindo, pini nyingine amezibana mdomoni.

"Wifi, kaka yangu umemfanyaje? Amevimba kama chura."

"Muulize yeye," Fundi alisema kupitia kwenye pini.

"Nimemuuliza. Anasema umemwekea mipaka." Akainama, akashusha sauti ingawa walikuwa peke yao. "Ni kweli mnatumia kinga hata... huko nako?"

Fundi nusura ameze pini. Akazitema kiganjani.

"Amekwambia hayo?"

"Kaniambia nusu. Nusu nimejazia mwenyewe."

"Basi nusu zote mbili rudi nazo kwenu."

"Usikasirike, mwenzangu. Nauliza tu. Si mimba haiingii kwa mdomo?"

"Nani kataja mimba? Nataja magonjwa. Yanatoka kule yanakaa kooni, yanatoka kooni yanakwenda kule. Na kooni yanaweza kukaa kimya kabisa. Mtu anakula, anacheka, anaimba, hajui lolote."

Wifi alijishika shingo taratibu. Alikuwa mwanakwaya.

"Anaimba?"

"Sauti ya kwanza kabisa. Simama wima, nitakuchoma."

Wifi akasimama wima. Gauni likavuliwa, na alipofika mlangoni aligeuka. "Hicho kipande... unakata kwa urefu au kwa upana?"

"Kwa urefu," alisema Fundi, na kwa mara ya kwanza wiki ile akacheka.

Usiku huo Baridi akapiga. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejiandaa.

"Kesho naenda kupima. Nimeamua. Nikitoka safi, huo mpira wako unaenda jalalani."

"Nenda."

"Yaani huna hata wazo la kuniomba radhi?"

"Baridi, nenda. Ila waambie wapime na koo."

"Koo?" Akacheka kicheko kikavu. "Sina mafua mimi."

"Waambie wapime na koo. Wakipima mkojo peke yake, usinipigie."

Akakata simu.

Siku zikapita. Fundi akapiga, simu ikaita mpaka ikachoka. Akaandika: *Umeenda?* Alama zikaonyesha ujumbe umesomwa. Akajiambia basi, wacha aende, akajikuta anashona mkono wa kushoto upande wa kulia. Akafumua. Akashona tena, akafumua tena. Alimkasirikia Baridi, akajikasirikia na yeye mwenyewe, maana kila pikipiki iliyosimama nje ilimnyanyua shingo.

Alikuja alasiri moja, mteja yuko ndani anabishania urefu wa sketi. Baridi alikaa kwenye benchi na boksi lake la vifaa mapajani kama mtu anayesubiri hukumu. Mteja alipotoka, hakusogea.

"Mkojo hauna kitu," alisema. "Damu haina kitu."

"Na koo?"

Baridi aliangalia vidole vya miguu yake.

"Kooni wamekikuta. Kisonono."

Fundi alishika meza ya cherehani. Alijua kwamba hilo linawezekana. Amelisema mara mia. Lakini kulisema na kulisikia ni vitu viwili.

"Nani?"

"Ni wa kabla yako."

"Kabla yangu lini? Umenifuata mwaka mzima! Kila wiki unapita hapa na soda mkononi!"

"Mpaka mwezi ule wa mwisho kabla hujanikubali, nilikuwa... kulikuwa na mtu."

"Kwa hiyo ulikuwa unanitongoza ukitokea kwake."

"Ndiyo."

"Na tangu tuanze?"

"Tangu tuanze, hakuna. Hata mmoja. Najua huna sababu ya kuniamini." Akameza mate, akajishika koo kama vile lingeuma. Halikuwa linauma, na hilo ndilo lililomchanganya. "Muuguzi kaniuliza kama nina mwenzangu. Amenichoma sindano. Kasema nikae wiki bila kumgusa mtu, nirudi kupimwa tena, na wewe uende. Nilipotoka pale nilishapanga. Nitakwambia niko safi. Sindano nimeshachomwa, ungejuaje?"

"Nisingejua."

"Ungeniamini, ungetupa kile kipande siku hiyo hiyo, kabla dawa haijamaliza kazi. Halafu nikakuona akilini umelala tena kwenye ile wodi uliyonihadithia. Nimeshindwa kupokea simu yako siku zote hizi kwa sababu hiyo. Ningeipokea, ningedanganya."

Fundi alitaka kumrushia kitu. Kilichokuwa karibu ni mkasi, akauacha.

"Toka nje."

Akatoka bila kubisha. Alikaa kibarazani. Fundi alilia kwa hasira, kilio kile cha kufuta machozi kwa kiganja kama unajipiga kofi. Hakuwa amefurahi kuwa sahihi hata kidogo. Alichokiona ni benchi la zahanati, pazia la kijani, maswali yale yale aliyoapa hatayajibu tena. Na yote hayo kwa sababu ya mwanaume aliyemnunia eti kwa nini anajilinda.

Alipomaliza alinawa uso, akafunga duka.

"Nyanyuka," alimwambia. "Unanipeleka."

"Sasa hivi?"

"Au una friji la mtu?"

Baridi akaliacha boksi pale pale kibarazani, ikabidi Fundi amrudishe alichukue.

Fundi alipimwa. Siku za kusubiri majibu hazikuwa na mapenzi yoyote. Baridi alituma ujumbe asubuhi, *Umeamkaje*, Fundi akajibu, *Vibaya*. Kesho yake akatuma tena, akajibiwa hivyo hivyo. Hakuacha kutuma.

Majibu yalipokuwa tayari, Fundi aliingia kwa muuguzi peke yake. Baridi alibaki nje ya mlango, kofia mkononi.

"Wewe huna kitu," alisema muuguzi. "Chini wala kooni."

Pumzi ikamtoka Fundi kwa mkupuo.

"Mlikuwa mnatumia kinga?"

"Kila mara. Hata kwa mdomo."

"Basi endeleeni mpaka mwenzako naye apimwe tena. Huyu aliyesimama hapo nje ni nani wako, nimwite nimweleze na yeye?"

Fundi aligeuka. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na Baridi alikuwa anaangalia sakafu, masikio yamesimama. Mtu aliyemtoa machozi. Mtu aliyeweza kumdanganya, na hakuna ambaye angejua, akaja akakaa kwenye benchi akasema.

"Ni mchumba wangu."

Kofia ikamdondoka Baridi.

"Tangu lini?" aliuliza kutoka nje, sauti imepanda.

"Tangu sasa hivi," alisema Fundi. "Ingia, na usicheke. Bado nimekasirika."