Kontena Lililofutwa Othaya

Kumbukumbu za wagonjwa elfu nne zilitoweka Jumamosi asubuhi katika kliniki moja ya binafsi mjini Othaya, na hakuna hata kitasa kilichovunjwa.

Inspekta Magdaline alifika saa nne. Foleni ilikuwa imefika barabarani. Daktari hakujua nani anatumia dawa gani, wala nani hudhuriwa na dawa ipi.

"Zilikuwa wapi?" alimuuliza Gicheru, fundi wa kompyuta.

"Ndani ya kontena, Afande. Kwa seva."

Magdaline alichungulia dirishani. Uani palikuwa na tangi la maji na mbuzi mmoja.

"Kontena iko wapi?"

"Ujerumani."

Inspekta alifunga daftari lake, akalifungua tena. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amefuatilia ng'ombe, pikipiki, hata kengele ya kanisa. Hakuwahi kutafuta kitu kilichokuwa Ujerumani kikapotea Othaya.

"Nieleze pole pole."

Gicheru alichora masanduku kwenye karatasi. Seva ni kompyuta ya kukodi, iliyo mbali; yeye huiamuru kutoka hapa. Ndani yake alikuwa ametenga vyumba viwili, ndivyo vinavyoitwa makontena: kimoja cha programu, kingine cha hifadhidata, yaani majina na magonjwa yote.

"Hicho cha pili ndicho kimefutwa."

"Na nakala ya akiba?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Nilikuwa niiweke wiki hii."

"Nani ana ufunguo?"

"Mimi tu."

"Basi ni wewe."

"Nilikuwa nje nikinywa chai, Afande! Muulize Simeon wa getini. Niliacha kompyuta ikiwa wazi."

Simeon, mlinzi, alithibitisha. Magdaline akazidi kuchanganyikiwa. Mwizi gani huyu asiyeondoka na kitu?

"Chumba cha programu bado kipo?"

"Kipo."

"Kinaandika waliopita humo?"

Gicheru alikodoa macho, akaanza kubonyeza. Mistari ikajaa kwenye skrini. Saa mbili na dakika tano, faili moja lilifunguliwa. Mtu akajaribu kulifuta mara tatu; programu ikakataa. Dakika nne baadaye, hifadhidata yote ikapotea.

"Faili la nani?"

"Wangui. Wa mapokezi. Naye hutibiwa hapa."

Wangui aliingia ameshika leso. Inspekta akafunga mlango.

"Ulikaa kwa meza ya Gicheru?"

"Hapana."

"Nani mwingine angetaka kufuta faili lako?"

Wangui akajifuta machozi kwa leso.

"Sikutaka kufuta ya watu. Gicheru alisema ati kila kontena inajitegemea. Nikadhani kila mgonjwa ako na yake. Amri zilikuwa kwa karatasi hapo mezani. Nikafuata."

"Kwa nini?"

"Dada ya mchumba wangu anaanza kazi hapa Jumatatu, kwa rekodi. Angeona. Niko na kifafa, Afande. Tangu darasa la sita. Kwao hawajui. Harusi ni Disemba."

"Kuna mama hapo nje hajui kipimo chake cha insulini."

"Najua. Mimi ndiye nimempa namba ya foleni."

Inspekta alichukua fomu ya taarifa. Wangui akamshika mkono.

"Lazima uandike ugonjwa?"

"Bila huo, mahakama itadhani ulitaka kuwaumiza wagonjwa."

Wangui aliitazama ile karatasi, akauachilia mkono.

"Andika," alisema. "Andika kifafa."