Sauti ya Bwana Nakuja

Majirani zangu, sogeeni. Na wewe mwenye simu mkononi, iweke kifudifudi kidogo, kwa sababu maneno haya yanakuhusu kuliko unavyodhani.

Jioni ile nyumba ya jirani yangu ilikuwa na raha tele. Shanta tatu ziliegemea kochi sebuleni. Mama wa nyumba, mwalimu wa jiografia, alikuwa akikunja hema. Binti yao wa darasa la tano alipanga chupa za maji huku akiimba, kwa maana kesho yake walikuwa wanaondoka kwenda kutembea kwa miguu kwenye korongo la jangwani. Ni njia ya mzunguko: unaingilia langoni, unashuka kati ya majabali, unalala njiani siku kadhaa, kisha unatokea pale pale ulipoingilia. Mwalimu alikuwa ameiombea safari hiyo tangu mtoto akinyonya. Alitaka mumewe akae nao mahali pasipokuwa na meza ya kazi.

"Baba!" binti akaita. "Njoo unifungie mkanda wa shanta, umechomoka!"

"Nakuja, mama!" ikatoka sauti chumba cha pili.

Hakuja. Mtoto akangoja, akachoka, akaupiga fundo mwenyewe, fundo la kitoto.

Baba huyo ni fundi redio. Jina alilopewa na wazazi wake wengi tumelisahau. Mtaa mzima unamwita Bwana Nakuja. Ni mpole, hanywi, hagombani na mtu, na redio iliyokufa ikipita mikononi mwake huamka. Lakini mwite uone. Kabla hujafunga mdomo ameshaitikia, "Nakuja!" na hapo amemaliza kazi. Chai inapoa, mgeni anaaga, mke anabeba mtungi wa gesi peke yake, na bwana yupo mezani, kisikilizio sikioni, anawinda stesheni za mbali. Mimi na wao tunatenganishwa na ukuta tu, na neno hilo nimelisikia hadi usingizini.

Yaliyotokea huko korongoni nimeyapata kwa mwalimu mwenyewe.

Langoni walipokewa na kiongozi wa safari, mwanamke wa makamo aliyekaushwa na jua, ambaye wenzake walimwita Mama Filimbi. Alimpa kila mtu filimbi na kumwambia aifunge kwenye mkanda wa shanta.

"Humu ndani hatuitikii kwa mdomo," akasema. "Ukiitwa, unapiga filimbi, halafu unakwenda kwa aliyekuita. Ukisema neno, miamba inalichukua na kulitolea upande mwingine, na mwenzako atalifuata huko. Filimbi ikikupotea, gonganisha mawe."

Bwana Nakuja akacheka. "Huo ni mwangwi tu, mama. Mimi nimezeeka kwenye mambo ya sauti."

"Basi hutanisumbua," yule mama akajibu.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri, ingawa mwalimu hakupenda ule ukimya. Ndege hakuna, upepo hakuna. Kuta nyekundu zilipanda pande zote mbili mpaka mbingu ikabaki utepe mwembamba. Ukikohoa, unasikia mtu anakohoa mbele yako, kwenye kona ambayo hujafika. Mtoto akaanza kutembea akigeukageuka nyuma.

Kesho yake asubuhi njia ilikuwa nyembamba, wakatembea mmoja mmoja. Mama Filimbi mbele, mwalimu akifuata, kisha mtoto, na baba nyuma kabisa. Kazi yake ilikuwa moja tu: mtoto asibaki nyuma yake. Jamani, kazi moja! Lakini alikuwa ameficha redio ndogo mfukoni, na kisikilizio kilikuwa sikioni. Alikuwa amenasa kitu kwenye mikwaruzo, kama mtu anayezungumza polepole, na alitaka kujua anasema nini.

Walipofika mahali korongo linapogawanyika, lile fundo la kitoto likafunguka. Binti akakaa juu ya jiwe alifunge upya. Baba yake akampita, macho chini, mkono mfukoni kwenye redio.

"Baba, nisubiri! Mkanda umefunguka!"

"Nakuja, mama!" akaitikia. Na akaendelea kwenda mbele.

Walipopumzika kivulini, mwalimu akageuka kumpa mtoto maji. Chupa ikabaki hewani.

"Mtoto yuko wapi?"

"Si yuko hapo mbele yangu..." Bwana Nakuja akatoa kisikilizio. Rangi ikamtoka. "Aliniita. Nadhani aliniita."

"Ukasemaje?"

Akakisokota kisikilizio mkononi. Mke wake alikuwa ameshageuka kurudi nyuma.

Wakarudi mbio mpaka njia panda. Shanta ilikuwa juu ya jiwe, mkanda unaning'inia, filimbi imefungwa hapo hapo. Mtoto hayupo. Baba akapiga ukelele wa kumwita, na kutoka korongo la kushoto ikaja sauti, taratibu, tamu kabisa:

"Nakuja, mama."

Mwalimu alitaka kukimbilia huko. Mama Filimbi akamshika mkono. Wakasikiliza. Ikaja tena, safari hii kutoka kulia. Kisha juu. Hakuna aliyekuwa ameita.

"Hiyo si sauti ya mtoto," Mama Filimbi akanong'ona. "Ni ya mume wako. Naomba tunyamaze sote, na wewe, bwana, usifungue kinywa chako."

Wakakaa kimya huku jua likiuacha ule utepe wa mbingu. Mwalimu aliniambia hajawahi kumchukia mtu kama alivyomchukia mumewe pale, na hajawahi kumhurumia mtu vile. Bwana Nakuja alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yakipita kati ya vidole. Sauti yake mwenyewe ikaendelea kumwahidi mtoto wake kwamba anakuja.

Ndipo wakasikia mawe yakigongana. Ko, ko. Kimya. Ko.

Walimkuta ndani sana, kwenye ufa ambao mtu mzima hupita kwa ubavu. Alikuwa amekaa ameutazama mwamba, midomo imepasuka, mawe mawili mkononi. Baba yake akapiga magoti.

"Mwanangu. Ni mimi, baba."

Mtoto akamtazama kwa muda. Akageuka akautazama tena mwamba, kisha akamtazama yeye.

"Wewe ni yupi?" akauliza. "Baba yuko humu. Ameniambia anakuja. Anasema hivyo tangu asubuhi."

Njia ile haina mkato. Ilibidi waumalize mzunguko wote, na mtoto alitembea akiwa ameshika mkono wa Mama Filimbi. Mwalimu anasema lile neno liliwafuata mpaka karibu na lango.

Leo Bwana Nakuja amebadilika. Kisikilizio amekitupa, na mlango wa chumba cha kazi haufungwi. Ukimwita hasemi kitu. Unamwona tu amesimama mbele yako. Tatizo ni kwamba binti yake hamwiti tena. Akitaka kitu humwita mama yake, au hujifanyia mwenyewe.

Juzi jioni nilikuwa kwao naazima ungo. Tukiwa jikoni watatu, mimi, mwalimu na mtoto, Bwana Nakuja akaingia mbio, anahema, nyaya bado zimemng'ang'ania kwenye shati.

"Nimekuja," akasema. "Nimekuja, mama. Unasemaje?"

Mtoto akaacha kumenya viazi.

"Sijakuita, baba," akamwambia.

Na kweli hakuna aliyekuwa ameita. Baba mtu akasimama pale mlangoni kidogo, akisikiliza, kisha akarudi chumbani.

FUNZO

Wazazi wenzangu, mtoto hana namna ya kujua kwamba "nakuja" yako ni ya kumnyamazisha tu. Yeye huisadiki na kukaa kuingoja. Kama huwezi kwenda, mwambie huwezi, atalia kidogo na yataisha. Lakini ukishaitikia, inuka uende, uende wakati bado anakuita. Siku atakayoacha kukuita utasikia sauti yake kila kona ya nyumba, na kila utakapokimbilia utaambiwa hakuna aliyekuita.