Kichupa Kwenye Barafu

Wiki ile Saimi hakwenda shule. Wanafunzi wote wa darasa lao walikuwa wametawanyika mjini Kuopio, Ufini, kujionea kazi za watu wazima. Wenzake walipanga mikate madukani. Yeye alipangiwa maabara ya mtafiti aitwaye Tellervo. Kila asubuhi alivua viatu vya theluji mlangoni, akavaa koti jeupe lililomfika magotini, akaanza kuosha vyombo.

Tellervo alikuwa akisafisha kimeng'enya cha bakteria wanaosababisha vidonda vya tumbo. Kimeng'enya hicho ndicho kinachowalinda wasiuawe na asidi ya tumboni. Kikipatikana kikiwa safi, ingewezekana kutafuta dawa ya kukizuia. Lakini Tellervo alikuwa ameshindwa mara nyingi, na sasa bakteria wake walikuwa wamekwisha. Hii ilikuwa mara ya mwisho.

"Ukikosa je?" Saimi aliuliza.

"Kesho wafadhili wanaifunga kazi hii, nami nafunga virago. Ilpo atarithi kikombe changu."

"Kikombe chenyewe kina ufa," alijibu Ilpo, mtafiti mwenzake Tellervo, bila kuinua macho.

Adhuhuri wakubwa walikwenda kunywa kahawa. Ndani ya sinki kulikuwa na ndoo ya barafu iliyoanza kuyeyuka, na humo kichupa chenye maji maangavu. Kwao Saimi, chombo hakiachwi kwenye sinki. Alikimwaga, akakisuuza vizuri.

Mara Tellervo akapaza sauti kutoka ukumbini, "Saimi, kichupa cha kwenye barafu usikiguse! Ndicho chenyewe!"

Saimi alikitazama kichupa kitupu mkononi. Haraka haraka akakijaza maji ya bomba, akakirudisha.

Tellervo alipokipima, maji ya kupimia yalibaki ya manjano. Yalitakiwa kugeuka mekundu. Akarudia. Manjano tena.

Akaketi kwa uzito. "Basi. Njia yangu mbovu. Nitawaambia waitupe, mtu mwingine asiipotezee miaka."

Hakuna aliyemwona Saimi akikimwaga. Angenyamaza tu, mambo yangeishia hapo. Lakini uso wa yule mama ulimshinda.

"Tellervo, hayo ni maji ya bomba. Nilikimwaga mimi. Nilidhani ni maji tu."

"Wewe mtoto!" Ilpo alifoka. "Kimeng'enya kikishakuwa safi hakina rangi! Ulitaka kiwe cha zambarau?"

Tellervo alikwenda kwenye mrija aliochujia kimeng'enya, akakinga tone lililobaki kwenye ncha yake, akalipima. Polepole, maji ya manjano yakageuka mekundu.

"Kilikuwemo," alinong'ona.

"Kwa hiyo hawatafunga?" Saimi aliuliza.

"Watafunga. Tone moja halitoshi kitu."

Saimi akaangua kilio. Tellervo akamwacha alie kwanza, kisha akamvutia kiti.

"Sikiliza, binti. Usilolijua, uliza kabla hujamwaga. Na ukishakosea, sema papo hapo, hata kama huwezi tena kuokoa kitu. Kazi yangu imekwenda, sitakudanganya. Lakini ungenyamaza, kesho ningeitupa njia iliyo sawa, na wagonjwa wangengoja bure. Sasa atakayekuja baada yangu nitamwambia inafanya kazi."