Nyumba Tupu Iliyoitikia Hodi

Mzee alikutwa amekufa kizingitini, mkono umeshika kitasa, mlango uko wazi. Asubuhi yake mwanawe alipiga simu kituoni kutukana, na alikuwa na haki ya kutukana.

"Niliwapigia, mkapokea, mkasema mnakuja. Baba alikuwa peke yake. Akaniambia kwenye simu, wameshafika, wanabisha hodi, ngoja nikawafungulie. Majirani wanasema hakuna gari lililofika! Sasa nani alibisha?"

Bi Kipaza, mpokea simu mkongwe wa kituo cha magari ya wagonjwa, alifungua kumbukumbu za simu. Simu ile hakuipokea yeye, wala mwenzake yeyote. Lakini kwenye kompyuta iliandikwa kwamba imepokelewa, na kando yake iliwaka taa ya kijani.

Kesi ikatupiwa fundi wa mitambo, dada waliyemwita Waya kwa wembamba wake na kwa sababu ukimgusa vibaya anakupiga shoti. Simu za kituo zilipita kwenye mashine moja kubwa, na ndani yake mlikuwa na makontena, yaani vijumba vya programu, vya kuandikwa tu, kila kimoja na anwani yake na kazi yake. Kimoja hupokea simu, kingine hutafuta gari lililo karibu, kingine humpigia dereva. Programu ya ulinzi huzunguka humo mchana kutwa ikibisha mlango kwa mlango. Kijumba kizima hujibu kwamba kipo, na taa yake huwaka kijani. Kisichojibu huvunjwa, na kingine hujengwa palepale.

Sasa simu zilikuwa zinapotea kati ya kijumba na kijumba. Na si zote, hilo ndilo lililompandisha Waya mori. Kitu kikifa kabisa, unakishika. Hiki kilikuwa kinakufa ukigeuka na kufufuka ukikitazama. Alibadilisha anwani, akapima njia zote za mtandao, akafuata ujumbe mmoja mmoja mpaka macho yakawasha, na kila alipofika pale ulipopotea alikuta kila kitu kinajibu vizuri, kwa adabu kabisa.

"Zima, washa," alisema mkuu wa kitengo, aliyeitwa Taa Kijani kwa jinsi alivyozipenda taa hizo kuliko watu. "Mbona kwangu hakuna tatizo?"

"Mkuu, kuna mtu amekufa."

"Wazee hufa, Waya. Wakaguzi wanakuja leo. Usiniharibie siku."

Waya alitoka akiubamiza mlango. Akaingia chumba cha mashine, chumba chenye baridi kavu ambacho hata vumbi haliruhusiwi, akakuta kinanuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa sasa hivi. Akatazama dari, akatazama sakafu. Pakavu. Akavaa vipaza masikioni, akajiunga na njia ile inayopoteza simu, akasikiliza. Kulikuwa na mtu anavuta pumzi, taratibu, kama anayesubiri zamu yake ya kusema.

Alivivua haraka na kumwita Bi Kipaza. Bi Kipaza akasikiliza, akavirudisha mezani kwa ncha za vidole.

"Mwanangu," alinong'ona, "hiyo sauti nani kairekodi?"

"Hakuna aliyerekodi chochote, Bi mkubwa."

Hapo Waya akaacha kupima njia za mtandao, akaanza kufungua vijumba vyenyewe. Kwenye kimoja cha kutafuta magari akakuta patupu. Programu haimo. Kazi haimo. Umebaki mstari mmoja tu ulioandikwa kwa mkono wa mtu: ukibishiwa hodi, jibu nipo. Na jina la aliyeuandika lilikuwa la mkuu wake.

Hakubisha mlango wa ofisi.

"Hiki ni nini?"

Taa Kijani alitazama kioo cha kompyuta yake, akakwaruza shingo. "Aa, kile. Kilikuwa kinakufakufa, kengele zinanililia hata nikiwa bafuni. Nikakifundisha kujibu. Nilikuwa nitakirekebisha baadaye."

"Baadaye lini? Umejenga nyumba, ukaiacha haina mtu, halafu ukaandika 'karibu' mlangoni! Ulidhani atahamia nani humo?"

"Punguza sauti. Wageni wako kwenye korido."

"Simu za wagonjwa zinaingia humo! Kuna kitu humo kinazipokea, kinaambiwa mgonjwa anakaa wapi, kisha kinakwenda. Mkuu, hicho ni jini, na wewe ndiye mwenye nyumba!"

Taa Kijani alicheka, kicheko kifupi cha mtu anayeogopa kuonekana mjinga. Ndipo simu ya Waya ikalia. Alikuwa mdogo wake, mwenye mimba ya kwanza kufika miezi yote baada ya nyingine kuharibika.

"Dada, maji yamevunjika. Mume wangu yuko safarini. Lakini usijali, nimeshapiga kituoni kwenu. Wamepokea mara moja. Kaka mmoja, mstaarabu kweli. Amesema yupo, anakuja."

Waya aligeukia mlango. Kituoni kwao hakuna mwanamume anayepokea simu.

"Mdogo wangu, nisikilize. Usifungue mlango. Mtu yeyote akibisha, usiitikie."

"Mbona tayari wanabisha?"

Waya alikimbia mpaka kwenye meza yake, simu imebanwa begani, akimpigia kelele Bi Kipaza ampigie dereva kwa simu yake ya mkononi, asipitie mashine, ampe anwani kwa mdomo wake, avunje mlango akifika. Akakitafuta kijumba kile, akakifuta pamoja na amri ya kukijenga upya. Upande wa pili wa simu, hodi zikakatika.

"Ameondoka," mdogo wake alisema huku akihema. "Dada, naumwa."

"Vumilia, mama. Gari la kweli linakuja."

Ofisini kwake, Taa Kijani aliona taa nyekundu, taa nyekundu moja tu katika ukuta mzima wa kijani, na wakaguzi walikuwa wameshashika mlango. Akabonyeza kitufe cha kurudisha kilichofutwa. Kijumba kikarudi.

"Dada." Sauti ya mdogo wake ilikuwa imegeuka pumzi. "Anabisha tena. Lakini si mlango wa nje. Yuko ukumbini. Anabisha mlango wa chumba changu."

Hasira iliyompanda Waya hapo haikuwa ya kusimulika, ilikuwa hasira ya mtu aliyesema ukweli asubuhi nzima akaambiwa apunguze sauti, na aliinuka nayo, akampita mkuu wake na wakaguzi wake na tai zao, akampiga kikumbo aliyejaribu kumzuia, akaingia chumba cha mashine ambako harufu ya udongo sasa ilikuwa nzito kiasi cha kukaba koo na kila kipaza kilichoachwa mezani kilikuwa kinasema kwa upole, kwa pamoja, nipo, nakuja, nipo, nakuja, akashika swichi kuu ya umeme kwa mikono miwili na kuivuta chini.

Kituo kizima kikazimika. Kimya kikaingia, na ndani ya kimya hicho, kwenye simu yake, alisikia mlango ukivunjwa na sauti nzito ya dereva ikiita, "Mama! Uko wapi, mama?"

Mtoto alizaliwa njiani, wa kike, akilia kwa nguvu zote. Jioni Waya alikuwa wodini amempakata, huku mama mtu amelala. Alilia kidogo, akacheka kidogo. Ujumbe wa Taa Kijani ulipoingia aliutazama kwa jicho moja: *Umefukuzwa kazi. Mashine imewashwa. Vijumba vyote vimejiinua vyenyewe kama vilivyokuwa. Kijani tupu.*

Aliusoma tena. Vyote.

Kando ya kitanda cha pili alikuwepo kijana aliyekuja kumwona mkewe. Alikuwa anaongea na simu, mkono kifuani, uso umetulia kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Mama yangu," alimweleza Waya alipoona anatazamwa. "Kifua kimembana, yuko peke yake nyumbani. Afadhali hawa watu wa magari ya wagonjwa siku hizi wamejirekebisha. Nimepiga, wakapokea hapohapo."

Waya alisimama na mtoto mikononi. "Mwambie asifungue mlango."

"Nini?"

"Mama yako! Mwambie asifungue!"

Kijana aliirudisha simu sikioni, akasikiliza, akatabasamu kwa aibu.

"Anasema nisubiri kidogo," alisema. "Anawafungulia."