Raheli na Kizuizi cha Malori

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mapaa ya Magomeni, Raheli alikuwa ameshafagia uwanja, ameshajaza madumu mawili ya maji, na ameshamsikia mama yake akigombana na jiko. Mama Raheli alikaanga vitumbua vya kuuza. Siku hizo jiko la mafuta ya taa alikuwa amelipa kisogo, akarudi kwenye mkaa, maana bei ya mafuta ilikuwa imepanda mara tatu tangu Pasaka.

"Wakipandisha tena tutakaangia juani," alisema huku akikohoa moshi. "Raheli, nipe kile kijiko, na wewe ukaoge, utachelewa shule."

Baba yake Raheli, Emmanueli, alikuwa dereva wa lori la kubeba korosho kutoka vijijini hadi bandarini. Wiki ile hakulala nyumbani. Dizeli ilipopanda kwa mara ya tatu, madereva waliyapanga malori yao kwa ubavu katikati ya barabara ya kuingilia mjini, wakaweka magogo na mawe mbele yake, wakatangaza kwamba halipiti gari mpaka bei ishuke. Ilikuwa siku ya tatu sasa. Walikula hapo, wakalala chini ya malori hapohapo, na mchana mama Raheli alimpelekea mumewe chakula.

Mji mzima ulibishana. Bombani pale Magomeni, mwanamke mmoja alisema, "Waacheni wafunge! Bila hivyo nani atatusikia sisi?" Mwenzake, muuza samaki, akamrukia, "Wafunge midomo yao kwanza! Tenga langu zima la samaki limeozea njiani. Nani atanilipa?" Huko sokoni Chikongola nako watu walibishana mpaka wateja wakaondoka bila kununua kitu.

Mwalimu Gideoni, aliyefundisha darasa la sita, akasema kelele hizo zisipotee bure. Akaandika ubaoni hoja ya mdahalo: "Kufunga barabara ni njia nzuri ya kudai bei ya mafuta ipunguzwe." Kiongozi wa watetezi akawa Raheli, na wala halikuwa jambo la kushangaza. Mtoto yule alikuwa na mdomo! Wenzake walimwita Wakili, naye jina hilo alilipenda kuliko lile alilobatizwa.

Kiongozi wa wapinzani alikuwa Zuberi, mvulana mpole aliyeishi mjini kwa shangazi yake ili asome. Kwao kulikuwa kijijini, karibu na mto Ruvuma unapoingia baharini, ambako wazazi wake walilima korosho na mihogo. Zuberi hakuwa na maneno mengi. Alisimama, akauliza swali moja tu.

"Mwenzangu Raheli, mgonjwa je? Mgonjwa aliye upande wa pili wa magogo, atafikaje hospitali?"

 Raheli akahisi masikio yanawaka moto. Hakuwa amewahi kukanyaga kizuizini, na hakujua lolote kuhusu wagonjwa. Lakini wanafunzi arobaini na kitu walikuwa wanamtazama Wakili, na Wakili atashindwaje na swali moja?

"Mimi mwenyewe nimeona kwa macho yangu!" alisema kwa sauti ya juu. "Baba yangu yuko pale. Madereva wameacha upenyo pembeni, na kuna mtu wa zamu. Mgonjwa akifika anapitishwa bila hata kuulizwa jina."

Loo, makofi yake! Madawati yalipigwa mpaka darasa la saba wakaja kuchungulia madirishani. Watetezi wakashinda kwa kura thelathini na moja. Raheli alirudi nyumbani akiruka ruka. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini jioni ile Raheli hakuwakumbuka kabisa wahenga.

Kesho yake mama alikuwa na oda ya vitumbua vya harusi, hakuweza kubanduka jikoni. Raheli alipotoka shule akakabidhiwa bakuli la ugali wa muhogo na kisamvu ampelekee baba. Hajafika mbali, akasikia miguu inamkimbilia nyuma.

"Raheli! Nisubiri!" Alikuwa Zuberi, anahema, anacheka. "Na mimi nakwenda hukohuko kuwapokea. Wewe umetuokoa, unajua?"

"Nimewaokoa nani?"

"Dada yangu Sharifa. Ni mjamzito, na siku zake zimetimia. Mkunga wa kijijini alisema safari hii lazima ajifungulie hospitali. Walitaka kumleta jana kwa njia ya mashambani, kwa baiskeli, taratibu, maana uchungu ulikuwa bado. Basi jana nilivyotoka kwenye mdahalo nikaazima simu ya shangazi, nikampigia mwenye duka kijijini. Nikamwambia amwambie mama: msihangaike na baiskeli, wagonjwa wanapita barabarani, mtoto wa dereva ameona mwenyewe. Wakangoja pikapu ya leo."

 Raheli alijaribu kujituliza. Labda upenyo upo kweli. Kwani si inawezekana? Madereva ni watu wazima, hawawezi kusahau wagonjwa. Akaongeza mwendo hata Zuberi akabaki nyuma, na mchuzi wa kisamvu ukawa unamwagikia mkononi bila yeye kujali.

Walipofika, Raheli alitazama kushoto, akatazama kulia. Upenyo haukuwepo. Upande mmoja kulikuwa na mtaro mkubwa wenye maji ya tope; upande wa pili lori la mwisho lilikuwa limebana pua yake kwenye ukingo mrefu wa udongo. Abiria waliotoka vijijini walishushwa upande wa pili, wakavua viatu, wakapita mtaroni kwa miguu, huku madereva wa teksi wakiwangoja upande huu wa mjini. 

"Karibu, Wakili wa baba!" Emmanueli alimwita kwa furaha kutoka chini ya lori lake. Raheli akamwamkia, akampa bakuli, akasimama tu kama mtu aliyepotea.

Hapo ndipo pikapu ilipotokea upande wa pili, inapiga honi mfululizo. Kijana mmoja wa madereva, Yohana, aliyekuwa ameketi juu ya gogo na fimbo mkononi, akainuka.

"Zima gari! Hakuna kupita!"

Nyuma ya pikapu, juu ya godoro, alilala mtu aliyefunikwa khanga mbili. Pembeni yake mwanamke wa makamo alipiga magoti. "Baba zangu, tupisheni! Nina mgonjwa! Mwanangu anajifungua!"

"Mama!" Zuberi alipiga kelele. Akajirusha mtaroni, tope mpaka magotini, akatokea upande wa pili.

Yohana hata hakugeuka. "Mgonjwa? Na juzi tulimpisha mgonjwa kama huyo, tukasogeza lori zima. Tulipofunua khanga, chini yake kulikuwa na madumu ya petroli ya kulangua! Hatudanganyiki mara mbili. Kama ni mgonjwa kweli, ashuke apite kwa miguu kama wengine."

"Hawezi kusimama, baba! Na tumeambiwa wagonjwa wanapita!" alisema yule mama, ambaye jina lake ni Mwanahawa. "Tumeambiwa mna upenyo na mtu wa zamu. Mtoto wa dereva wenu mwenyewe ameona!"

Madereva wakaangua kicheko kibaya. "Mnasikia?" alisema Yohana. "Upenyo! Mtu wa zamu! Hadithi imetungwa ikatungika. Hakuna mtoto wa dereva aliyeona kitu ambacho hakipo. Mama, wewe ni mwongo. Geuza gari."

Raheli alisikia kila neno. Mama mtu mzima anaitwa mwongo mbele ya umati, kwa uwongo wa Raheli. Akinyamaza, huenda baba yake asijue kamwe. Pikapu itageuzwa, basi. Akisema, baba yake atasikia, na madereva wote watasikia. Kutoka kwenye pikapu ukasikika mlio mmoja wa uchungu, mrefu, ambao Raheli hakuwahi kuusikia maishani mwake.

"Ni mimi!" alipayuka. Akapanda juu ya gogo. "Huyo mama hadanganyi! Mwongo ni mimi! Nilisema shuleni kwamba nimeona upenyo. Sikuona chochote! Nilitaka kushinda mdahalo. Wamekuja kwa ajili ya maneno yangu!"

 Emmanueli alibaki na tonge mkononi, mdomo wazi. Alimtazama binti yake utadhani ndiyo mara ya kwanza kumwona.

"Raheli? Wewe?" alisema polepole.

"Mimi, baba."

Yohana alikuwa ameshafika kwenye pikapu. Akainua ncha ya khanga, akaona uso wa Sharifa uliojaa jasho, midomo imepauka, na khanga ya chini imelowa damu. Fimbo ikamdondoka.

"Mungu wangu! Ni kweli! Sogezeni lori! Sogezeni lori haraka!"

Emmanueli akatupa tonge, akakimbilia kwenye lori lake, akafungua mlango. Kisha akasimama. Akajipiga paji la uso kwa kiganja.

"Funguo!"

Siku ya kwanza ya mgomo, madereva wawili walikuwa wametoroka na malori yao alfajiri. Ili asitoroke mwingine, wote wakakubaliana funguo zifungwe kwenye mfuko mmoja, na mfuko ashike mwenyekiti wao, Mzee Isaya. Na Mzee Isaya muda ule alikuwa mjini, kwenye kikao na wakubwa, mfuko kiunoni. Malori kumi na moja yalikuwa yamesimama pale, na hakuna hata moja lililoweza kusogea hatua. Wanaume wale walitazamana. Waliofunga barabara ni wao, na kuifungua hawawezi! Mmoja wao, mtu mzima mwenye ndevu, aliketi chini akashika kichwa.

"Hakuna kukaa chini!" Emmanueli alifoka. "Leteni turubai!"

Wakalifungua turubai la kufunikia korosho kwenye lori lake, wakalikunja mara mbili, wakamlaza Sharifa juu yake. Wanaume wanane walishika kingo, Yohana akatangulia mtaroni kupima kina. Walishuka taratibu, maji yakawafika mapajani, turubai wakaliinua juu ya mabega. "Kushoto! Jiwe hapo! Shikilia, shikilia!" Mwanahawa alifuata nyuma akiomba dua kwa sauti, Zuberi amemshika mkono. Walipotokea upande wa mjini, Raheli alikuwa ameshafungua mlango wa teksi na kumkalisha dereva tayari kwenye usukani. Teksi ikaondoka kwa vumbi.

Emmanueli alitazama vumbi lile mpaka likatulia, nguo zake zikichuruzika tope. Raheli alingoja kofi, lakini halikuja. Baba yake alisema tu, "Kesho asubuhi tutakwenda hospitali, mimi na wewe. Utasema mwenyewe." Sauti yake ilikuwa ya chini mno, na hiyo ilimuumiza Raheli kuliko kofi.

Usiku ule Raheli hakupata usingizi. Kila mbwa alipobweka alidhani mtu anakuja na habari mbaya.

Asubuhi walimkuta Mwanahawa kwenye benchi la barazani, nje ya wodi ya wazazi, Zuberi pembeni yake. Raheli aliogopa kumtazama usoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Shikamoo, dada," Emmanueli naye aliamkia, ingawa walikuwa rika moja. Akavua kofia. "Mgonjwa wetu?"

"Yu hai. Na mtoto yu hai, wa kike. Muuguzi amesema tungechelewa nusu saa nyingine, tungerudi kijijini na jeneza."

Emmanueli aliketi kwenye benchi kwa kishindo. Akaeleza kwamba jana hiyohiyo, Mzee Isaya aliporudi, madereva walisogeza malori mawili wakaacha njia, na zamu ya kwanza ya kuwapisha wagonjwa akaiomba Yohana mwenyewe. "Tutaendelea kudai bei ishuke," alisema. "Lakini yale ya jana yalikuwa ukatili, na mimi nilikuwemo. Mtusamehe."

Kisha akamgeukia binti yake. Raheli akapiga magoti sakafuni, machozi yanamtiririka.

"Mama, nisamehe. Zuberi, nisamehe. Leo nitamwambia Mwalimu Gideoni mbele ya darasa zima kwamba nilidanganya."

Zuberi alitazama pembeni.  Mwanahawa alisokota ncha ya khanga yake iliyokauka tope.

"Inuka, mwanangu," alisema mwishowe. "Ulipopanda juu ya gogo, wale wanaume walikuwa wanageuza gari letu. Hilo nimeliona, na sitalisahau. Lakini sikiliza, na uwaambie na wenzako. Sisi kule kwetu, habari inatufikia kwa mdomo wa mtu. Mtu akisema amesikia, tunangoja. Akisema ameona, tunafunga mzigo tunaondoka. Jana nilimpakia mwanangu kwenye gari kwa sababu ya neno lako moja. Kwa hiyo siku nyingine, kama hujaona, sema sijaona. Watakucheka kidogo, halafu watanyamaza. Hakuna aliyekufa kwa kuchekwa."

Akanyanyuka, akamshika Raheli mkono. "Haya, njoo umwone mtoto," akasema, akasukuma mlango wa wodi.